Mzoga Ndio Shahidi

Desemba mwaka 2000, katika Pori la Akiba la Mkomazi, kaskazini mashariki mwa Tanzania, mbwa mwitu waliokuwa wakifugwa ndani ya uzio walianza kuugua. Walikuwa 52. Miezi miwili baadaye walikuwa wamebaki watatu. Hawakuwa wanyama waliotelekezwa. Mradi ule ulianza mwaka 1995 chini ya Tony Fitzjohn, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na George Adamson kule Kora, Kenya. Watoto wa mbwa mwitu walitolewa mashimoni katika nyika ya Wamasai, wakalelewa na kuzalishwa ili siku moja vizazi vyao virudishwe porini. Walilishwa, walilindwa, na walichanjwa dhidi ya ugonjwa uleule uliokuja kuwaua. Hilo la mwisho ndilo linaloifanya habari ya Mkomazi kuwa zaidi ya msiba wa pori moja. Hoja yangu ni kwamba chanjo iliyochaguliwa ilikuwa ya busara kwa ujuzi wa siku zile, na kwamba ujuzi huo ulikuwa umejengwa juu ya mizoga iliyosomwa nusunusu katika mabanda ya nchi nyingine. Kazi ya kuutambua ugonjwa, ambayo wengi huiona kama karatasi ya kujazwa baada ya mnyama kufa, ndiyo iliyoamua nani afe miaka kumi na zaidi baadaye.

Jina la ugonjwa lilipatikana kwa njia nne. Tishu zilikatwa vipande vyembamba zikatazamwa kwa hadubini, virusi vikaoteshwa katika seli, kikafanyika kipimo cha PCR, na mwisho ukasomwa mpangilio wa vinasaba vya kirusi chenyewe. Zote nne zilikubaliana: distempa ya mbwa. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 2002, kazi ya kimaabara ikiwa imeongozwa na wanasayansi wa Rotterdam, Uholanzi. Msomaji akumbuke umbali huo, kutoka vumbi la Mkomazi hadi Rotterdam, maana nitaurudia.

Distempa si ugonjwa mgeni kwa ukoo wake. Kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua kwa watoto wetu, na ndugu wa sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha Wamasai na njaa ambayo bado inasimuliwa. Kuhusu sotoka, ukanda huu haukuwa nyuma. Maabara ya Muguga, nje kidogo ya Nairobi, ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo iliyooteshwa kwenye seli, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na chanjo hiyo ilichangia sana hadi sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Kwa hiyo ustadi wa kushughulika na ukoo huu wa virusi ulikuwepo hapahapa, karibu miaka 40 kabla ya Mkomazi. Ila ng'ombe ni mali, na mbwa mwitu alihesabiwa mharibifu. Katika Serengeti yenyewe askari wa hifadhi waliwapiga risasi hadi miaka ya 1970. Hata jina lilimponza: Biblia ya Kiswahili ilipotafuta neno la mnyama mkali anayerarua kondoo ilimtwika mbwa mwitu lawama za mnyama wa nchi nyingine asiyewahi kukanyaga Mkomazi. Mnyama anayehesabiwa adui hapasuliwi ili ijulikane amekufa kwa nini. Leo dunia nzima ina mbwa mwitu waliokomaa na wenye nafasi ya kuzaa wapatao 1,400 tu.

Tuanzie nyuma zaidi, kwa mbwa wa kufugwa, maana ndiko ufundi huu ulikozaliwa. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alichukua makamasi ya mbwa mgonjwa, akayachuja kwa chujio lisilopitisha bakteria, na maji yaliyopita bado yaliambukiza. Kwa maneno mengine, alikuwa amekishika kirusi. Hakuaminiwa kirahisi. Kwa karibu miaka 20 mabingwa wengi waliendelea kumshitaki bakteria aliyeonekana waziwazi kwenye mapafu ya mbwa waliokufa, na wakatengeneza chanjo dhidi yake. Bakteria yule alikuwepo kweli, lakini alikuwa mdandiaji, ameingia mlango uliokwisha kuvunjwa na kirusi. Hapa ndipo ninapoona kosa la kwanza la aina inayojirudia katika historia hii yote: kilichoonekana kwenye mzoga kilichukuliwa kuwa ndicho kilichoua. Aliyelimaliza jambo hilo ni mnyama mdogo aitwaye fereti, wa jamii ya kicheche. Katika miaka ya 1920, wawindaji wa Uingereza waliochoshwa na kufiwa na mbwa wao walichanga fedha kupitia gazeti lao la The Field, na Patrick Laidlaw pamoja na G. W. Dunkin wakaanza kazi kule Mill Hill, London. Fereti akidungwa distempa hufa bila kukosa, na kinga yake inaweza kujaribiwa. Sasa wengu wa mbwa aliyekufa uliweza kuulizwa swali na kutoa jibu: ukimwua fereti asiye na kinga na kumwacha mwenye kinga, basi ni distempa. Kazi ile ilidai usafi wa ajabu, wahudumu wakioga na kubadili nguo kabla ya kuingia, kwa sababu fereti mmoja aliyeambukizwa nje ya utaratibu angeharibu ushahidi wote. Faida yake haikuishia kwa mbwa, kwani mwaka 1933 fereti walewale ndio waliowezesha kirusi cha mafua ya binadamu kupatikana.

Kwa macho matupu distempa haina sura yake yenyewe. Mnyama hutokwa na matongo na makamasi, hukohoa, huharisha, hukosa hamu ya kula, na wengine nyayo zao hukakamaa. Kisha, wakati mwingine baada ya kuonekana amepata nafuu, huanza kutafuna hewa, misuli ya uso ikirukaruka, mwisho hushikwa na degedege. Kuharisha kunafanana na parvo, ugonjwa uliojitokeza kwa mbwa mwaka 1978 na kuzunguka dunia kwa muda mfupi. Degedege na kuchanganyikiwa vinafanana na kichaa cha mbwa, na hapo suala halihusu mnyama pekee: mhudumu aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda anahitaji kujua leo, si mwezi ujao. Jibu limo ndani ya fuvu. Katika ubongo wa mnyama mwenye kichaa, seli za neva mara nyingi huwa na vijiduara vilivyoelezwa na Adelchi Negri mwaka 1903. Katika distempa mtazamaji hutafuta vidoa vya waridi ndani ya seli za mapafu, kibofu cha mkojo, tumbo na ubongo, na pengine seli kubwa zilizoungana zikiwa na viini vingi kama punje ndani ya ganda moja. Ili avione, mtu fulani lazima awe amewahi kabla ya joto. Mzoga uliolala jua la saa sita mchana, jioni yake ini limeshakuwa uji. Ubongo hugawanywa mara mbili: nusu kwenye formalini, ambayo huhifadhi umbo la seli lakini hukiua kirusi, na nusu kwenye baridi, ambayo hukiacha kirusi hai kioteshwe. Aliyeweka vyote kwenye formalini amejifungia mlango mmoja, na aliyeweka vyote kwenye barafu ameharibu picha ya hadubini. Makosa haya ni ya dakika kumi, lakini hakuna maabara duniani inayoweza kuyasahihisha baadaye.

Sasa nifike kwenye kiini. Katikati ya karne iliyopita zilipatikana chanjo za virusi hai vilivyodhoofishwa, mojawapo ikiwa imetengenezwa Onderstepoort, Afrika Kusini, kwa kupitisha kirusi katika mayai ya kuku mara nyingi hadi makali yakapungua. Kwa mbwa wa nyumbani zilikuwa ukombozi. Bustani za wanyama zikadhani kwamba kinachomfaa mbwa kinamfaa na jamaa yake wa porini. Lakini mbwa mwitu wa Afrika si mbwa aliyetoroka. Ni wa jenasi yake peke yake, hazaliani na mbwa, na kirusi kilichodhoofishwa kwa kipimo cha mbwa hakilazimiki kuwa dhaifu kwake. Mwaka 1983 ilichapishwa taarifa ya distempa katika mbwa mwitu wa kufugwa, ikisema huenda imesababishwa na chanjo yenyewe. Mwaka 1989 ikaja nyingine kutoka Afrika Kusini, ikieleza ugonjwa “unaofanana na distempa” pamoja na kimelea kingine cha hadubini, ensefalitozoon, katika wanyama haohao. Na si mbwa mwitu pekee. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, fereti sita wa porini wenye nyayo nyeusi, katika jamii iliyokuwa imebaki kidogo mno, walipewa chanjo hai na wanne wakafa.

Yatazameni maneno hayo: “huenda”, “unaofanana”. Waandishi wake walikuwa waaminifu, na ninawasifu kwa kutojifanya wanajua. Vidoa vya waridi kwenye seli vinasema kirusi cha distempa kilikuwepo, lakini havisemi kilitoka kwenye bomba la sindano au kwa mbwa wa kijiji aliyepita kando ya uzio. Kutofautisha hayo mawili kunahitaji kusoma vinasaba vya kirusi, ufundi ambao haukuwa kazi ya kila siku mwaka 1983. Kilichobaki kwa watu wa mabanda kilikuwa hesabu ya siku: mnyama kachanjwa, wiki mbili au tatu baadaye kafa. Ushahidi wa namna hiyo una uzito, ila ni ushahidi wa jirani aliyesikia kelele, si wa aliyeona. Hata hivyo ulitosha kujenga hofu, na hofu ikageuka kuwa desturi: mbwa mwitu wasipewe chanjo hai, wapewe ya virusi vilivyouawa. Chanjo iliyouawa haiwezi kumwambukiza mnyama. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi pia haiuamshi mwili wake ipasavyo. Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa Mkomazi, na mwaka 2000 kirusi cha kweli kilipovuka uzio kilikuta ukuta wa karatasi.

Wapo watakaosema ninawatwisha watu wa 1983 mzigo usio wao, kwamba hofu ya chanjo hai ilikuwa sahihi na hakuna kipimo ambacho kingeibadilisha. Sehemu ya kwanza ninaikubali. Vifo baada ya chanjo hai vilikuwa vingi mno kuwa bahati mbaya, na baadaye hatari hiyo ilithibitika kwa spishi kadhaa. Lakini sehemu ya pili haifuati. Kama ingejulikana mapema ni chanjo ipi, ya mbegu ipi, imeua watoto wa umri gani, na kama kimelea cha pili kilikuwa kimewadhoofisha kwanza, swali lisingebaki kuwa hai dhidi ya iliyouawa. Chanjo za mbegu tofauti zina makali tofauti sana. Na muhimu kuliko yote, baada ya kuchagua ile iliyouawa, wajibu uliofuata ulikuwa kupima damu ya wanyama wengi, mara kwa mara, kuona kama kingamwili zimepanda na zimedumu. Hofu ilitoa jibu, na jibu lililotoka kwenye hofu halikudaiwa uthibitisho uleule ambao lingedaiwa kama lingetoka kwenye kipimo.

Nimetaja kingamwili, na hapa kuna mtego mwingine unaostahili kuangaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Serengeti walionekana wakishikwa na degedege. Katika miezi iliyofuata takribani theluthi moja ya simba wa eneo lile, wapatao 1,000 kati ya 3,000, walitoweka. Vitabu vilikuwa vimezoea kusema distempa haiwasumbui paka wakubwa. Kilichofungua macho ni mabanda: miaka miwili kabla, simba na chui wa kufugwa huko California walikuwa wamekufa, wakapasuliwa, na distempa ikathibitishwa ndani yao. Daktari wa hifadhi za Tanzania, Melody Roelke-Parker, na wenzake walijua la kutafuta kwa sababu mtu mwingine alikuwa amelikuta ndani ya uzio. Lakini damu ya zamani iliyohifadhiwa ya simba wa Serengeti ilipopimwa, ilionyesha jambo lisilotarajiwa. Simba walikuwa wamekutana na distempa miaka mingine pia, wakapata kingamwili, na hakuna aliyeona vifo. Uchambuzi uliotoka mwaka 2008 ulieleza kwamba mwaka 1994 kirusi kiliingia katika miili iliyokuwa imejaa babesia, vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe, baada ya ukame kuwadhoofisha nyati na kuwajaza kupe, nao simba wakawala nyati hao. Kwa hiyo mwenye kushika cheti cha kingamwili na kusema “huyu alikuwa na distempa, ndiyo imemuua” anarudia kosa la wale waliomshitaki bakteria wa mapafuni. Damu inasema mnyama amekutana na nani maishani. Mzoga ndio unaosema nani alimuua.

Pingamizi ambalo wahifadhi hulitoa mara nyingi zaidi ni la fedha na faida. Distempa haina dawa. Mnyama akishaanza degedege hakuna cha kumfanyia, basi kujua jina la ugonjwa kunamsaidia nani? Kunawasaidia walio banda la pili. Mbwa mwitu wana desturi ya kulambana midomo wanaposalimiana na kutapikiana nyama, watoto wakilishwa hivyo na kundi zima, tabia inayovutia kuitazama na ambayo kwa kirusi kinachokaa kwenye mate na makamasi ni daraja. Aliyejua siku ya tatu anaweza kutenga makundi, kubadili wahudumu, kuacha kubeba ndoo ileile ya nyama kutoka uzio hadi uzio, na kuamua kuhusu chanjo kwa ambao bado wazima. Aliyejua mwezi wa tatu anaandika historia. Zaidi ya hapo, mizoga ya Mkomazi iliwapa watu wa fani hii sababu ya kuachana na imani katika chanjo iliyouawa na kutazama njia ya tatu, ile ya kirusi cha ndege kilichobebeshwa sehemu chache tu za kirusi cha distempa, ambayo haiwezi kuleta ugonjwa. Mbweha wa kisiwa cha Santa Catalina, California, walioporomoka kwa distempa mwaka 1999 kutoka takribani 1,300 hadi karibu 100, waliokolewa kwa kuzalishwa ndani ya uzio na kwa chanjo ya aina hiyo.

Wengine husema kosa ni uzio wenyewe: usingewakusanya 52 mahali pamoja wasingekufa 49 pamoja. Msongamano huongeza hatari, sikatai. Lakini mwaka 1994 kundi la mbwa mwitu 12 waliokuwa huru Chobe, Botswana, lilipoteza 10 kwa distempa. Mwaka 2007 kundi zima liliangamia katika mfumo wa ikolojia wa Serengeti. Mwaka 2017 distempa ilikaribia kuwafuta mbwa mwitu wa Laikipia, Kenya. Porini fisi na tai humaliza ushahidi kabla ya alfajiri, na mara nyingi kinachojulikana ni kwamba kundi halionekani tena. Makundi ya Serengeti yaliyotoweka mwaka 1991 yalizua mabishano ya miaka mingi, wengine wakishuku kichaa cha mbwa, wengine wakilaumu watafiti kwa kuwashika na kuwavisha kola, na mabishano hayo hayakuisha kwa sababu rahisi: hapakuwa na mizoga ya kutosha. Uzio una dhambi zake, ila unatupa kitu ambacho pori halitupi, nacho ni mwili uliokufa jana mahali panapojulikana.

Na kuhusu mbwa wa vijijini, ambao hushitakiwa kila msiba wa aina hii unapotokea, ushahidi unataka tuwe waangalifu. Kuwachanja ni jambo jema na kumeokoa watoto wengi wa binadamu dhidi ya kichaa. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu Serengeti ulionyesha kwamba distempa iliendelea kuwafikia simba hata baada ya mbwa wa vijiji vya jirani kuchanjwa kwa miaka, dalili kwamba kuna wanyama wengine wanaoibeba. Kumpiga risasi mbwa wa mfugaji ili kumlinda mbwa mwitu ni hukumu iliyotolewa kabla ya shahidi kusikilizwa.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo. Mkomazi ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mwaka 2012 mbwa mwitu waliohamishwa kutoka Loliondo waliachiwa Serengeti baada ya kukaa kwanza ndani ya uzio. Nchi ina Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kinachofundisha madaktari wa mifugo, ina wakala wake wa maabara za veterinari, ina TAWIRI, taasisi yake ya utafiti wa wanyamapori. Safari ya Rotterdam si lazima tena iwe ya kwanza. Kinacholazimu ni kazi ya chini kabisa, ambayo haina picha nzuri ya kuwaonyesha wafadhili. Kila mwenye kibali cha kufuga mbwa mwitu ndani ya uzio awe na barafu, formalini, kisu kikali, glovu, na mtu aliyefundishwa kufungua fuvu. Kila mzoga upasuliwe siku ileile, hata kama ni wa kitoto cha wiki tatu kilichodhaniwa kulaliwa na mama yake, na ubongo ugawanywe mara mbili. Damu ichukuliwe kabla ya chanjo na baada yake, itunzwe yenye tarehe na jina la mnyama. Nawaomba wanaotoa vibali hivyo waliandike sharti hili kwenye kibali chenyewe, na wasimpe mtu mnyama wa kwanza kabla hawajaliona friji lake likiwaka.